Mercedes ya zamani inawaka lakini haitembei: kuiwekea bwate manueli ni kuiokoa ao kuiharibu?

Moteri inawaka mara moja. Haitoi moshi, haipigi kelele, na sindano ya joto inakaa mahali pake. Dereva anaweka D, anakanyaga mafuta, moteri inanguruma, lakini gari haisogei. Ao inasogea mita chache, kisha inaachilia, sawa na mtu aliyeteleza kwenye matope. Kwa mwenye Mercedes ya zamani yenye bwate otomatiki, hapo ndipo mahesabu magumu yanaanza.

Mafundi watamwonyesha njia tatu. Ya kwanza ni kufungua bwate ile na kuitengeneza. Ya pili ni kutafuta otomatiki nyingine ya okazioni, ambayo nayo inaweza kuwa na umri wa miaka 35 na hakuna anayejua ilitendewa nini. Ya tatu ni kuachana kabisa na otomatiki na kuweka bwate manueli, yenye pedali ya ambreyaji na mukono wa vitesi tano.

Njia hiyo ya tatu imefanywa mara nyingi na wapenzi wa magari ya zamani huko Ulaya na Marekani. Inawagusa pia wakaaji wa Kivu, ambako barabara nyingi ni za kupanda na kushuka, na ambako fundi anayejua bwate manueli hatafutwi mbali. Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na mara nyingine ndiyo busara. Lakini si kwa kila gari, na si kwa kazi ya nusunusu.

Gari ambayo kiwanda kiliipa njia mbili

Tuchukue mfano wa Mercedes-Benz W126, ile S-Class kubwa ya miaka ya 1980, gari ya mawaziri na wakubwa wa kampuni. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Frankfurt, Ujerumani, mwezi wa 9 mwaka 1979, na kutengenezwa kwake Ujerumani kuliisha mwaka 1991. Sedani zaidi ya 800,000 zilitoka. Umbo lake lilichorwa chini ya uongozi wa Bruno Sacco, mzaliwa wa Italia aliyekuwa mkuu wa wachoraji wa Mercedes. Katika Afrika Mashariki, alama ya kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuzaa jina la tabaka nzima ya watu: Wabenzi, yaani wenye feza na mamlaka.

Wengi wanaamini kwamba gari ya namna hiyo ilikuwa otomatiki siku zote. Si kweli. Huko Ulaya, S-Class zenye moteri ya silinda 6 ziliuzwa pia na bwate manueli. 280 S na 280 SE za mwanzo zilikuwa hivyo. Kisha mwaka 1985 zikaja 260 SE na 300 SE, na kwa hizo vitesi tano za mkono ndizo zilizokuwa za kawaida. Aliyetaka otomatiki alilipa zaidi. Kwa upande mwingine, zile zenye moteri ya V8, yaani 380, 420, 500 na 560, kiwanda hakikuwahi kuziuza na manueli.

Kwa hiyo herufi na namba zilizo nyuma ya gari zinasema mengi kabla fundi hajashika ufunguo. Mwenye 300 SE anarudisha gari katika hali ambayo kiwanda kiliijua: piesi zilichorwa, zilitengenezwa na zilijaribiwa kwenye bodi ileile. Mwenye 500 SE anaingia katika kazi nyingine kabisa, ya kuchonga vyuma vya kuunganisha moteri na bwate ambazo hazikuumbwa pamoja, na kutafuta ambreyaji itakayovumilia nguvu ya V8. Inafanyika, lakini ni kazi ya mwenye mashini nzuri, muda mrefu na mfuko mzito.

Kwanza, bwate imekufa kweli?

Hapa ndipo feza nyingi hupotea. Bwate otomatiki za Mercedes za miaka hiyo ni ngumu kufa, lakini ni rahisi kushitakiwa kwa kosa la wengine.

Bwate otomatiki inafanya kazi kwa mafuta yanayosukumwa na pompi. Mafuta yakipungua, nguvu ya kubana diski za ndani inapungua, na gari inateleza. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kijiti cha mafuta, na kinapimwa namna yake: gari kwenye uwanja ulio sawa, moteri ikiwa inazunguka, mukono kwenye P, na mafuta yakiwa yamepata moto. Anayepima asubuhi moteri ikiwa baridi anadanganyika. Mafuta mazima ni mekundu na hayana harufu mbaya. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, diski zimekwisha kuteketea.

Kipimo cha pili ni tiyo nyembamba za hewa. Bwate hizi zinasoma kazi ya moteri kupitia mvuto wa hewa unaotoka kwenye moteri na kufika kwenye kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa bwate. Tiyo ikipasuka, vitesi zinaingia kwa kupiga teke. Utando wa ndani ya kifaa hicho ukitoboka, moteri inanyonya mafuta ya bwate na kuyachoma: moshi mweupe unatoka nyuma, na mafuta yanapungua bila tone hata moja kuonekana chini. Anayechomoa tiyo hiyo na kukuta mafuta mekundu ndani yake amekwisha kupata mwizi. Kuna pia waya unaotoka kwenye mafuta ya moteri hadi kwenye bwate. Ukilegea, vitesi zinabadilika mapema ao kwa kuchelewa.

Na jambo moja zaidi: gari ikianza safari kwa vitesi ya pili, si ugonjwa. Mercedes hizi ziliundwa hivyo. Ya kwanza inaingia pale dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho.

Kijiti kikiwa sawa, tiyo zikiwa nzima, waya ukiwa umefungwa vizuri, na bado gari inateleza ao haina vitesi ya nyuma, hapo sasa mazungumzo ya manueli yanaweza kuanza.

Piesi si bwate peke yake

Kosa la kawaida ni kununua bwate manueli nzuri, kuileta garaji, halafu kugundua kwamba ilikuwa nusu tu ya mahitaji. Njia iliyo salama ni kupata gari nzima iliyogongwa ao iliyokatwa, yenye moteri ya familia moja, na kuchukua kila kitu kutoka humo.

Kwa 260 SE na 300 SE bahati ni nzuri, kwa sababu moteri yao, inayojulikana kwa jina la M103, iliwekwa pia katika Mercedes ndogo zaidi: 260 E na 300 E za aina ya W124, na 190 E 2.6. Bwate ya vitesi tano ya gari hizo inafungwa kwenye moteri bila kuchonga kitu.

Pamoja na bwate zinatakiwa: volani ya moteri, plato, diski na bute ya ambreyaji, rulema ndogo inayokaa mwisho wa krankishafti na kushika ncha ya bwate, pompi ya juu ya ambreyaji na ile ya chini, pamoja na tiyo zake, pedali mbili, kwa sababu ile ya breki ya gari otomatiki ni pana mno, mukono wa vitesi na vyuma vyake vya chini, na chuma cha kushikilia bwate kwenye bodi. Kisha kuna kardani. Otomatiki na manueli hazina urefu mmoja, kwa hiyo kardani nayo lazima ifuate. Anayechukua kardani kwenye gari nyingine akumbuke kwamba SEL ni ndefu kuliko SE kwa sentimeta 14 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ikibidi kukata na kuunga, kazi hiyo inafanywa na mwenye mashini ya kupima mzunguko. Kardani isiyozunguka sawa itatikisa gari nzima na kuua rulema ya katikati.

Mitego inayosubiri fundi

Mtego wa kwanza ni volani. Gari otomatiki ina sahani nyembamba ya chuma mahali pake. Manueli ina gurudumu zito. Katika moteri nyingi za zamani za Mercedes, uzito wa sahani ile ulisawazishwa na krankishafti ya gari hiyohiyo. Ukifunga volani ya gari nyingine bila kuipima, moteri iliyokuwa laini inaanza kutetemeka, na lawama zinaangukia bwate. Volani inapelekwa kwenye mashini pamoja na sahani ya zamani, ili ya pili isawazishwe kwa kufuata ya kwanza. Na buloni za volani huvutika zinapokazwa. Zile za zamani hazirudishwi, zinawekwa mpya.

Mtego wa pili ni mafuta ya ambreyaji. Mercedes hizi hazina kikopo chake cha pekee. Ambreyaji inakunywa kwenye kikopo kimoja na breki, kupitia tundu lililowekwa juu kidogo ili ikivuja isikaushe breki zote. Maana yake ni kwamba kikopo cha gari manueli kinahitajika, ao kile cha zamani kitobolewe pale kilipozibwa. Kutoa hewa kwa kukanyaga pedali ya ambreyaji kunaweza kuchukua siku nzima bila matokeo. Mafundi wazoefu wanaunganisha tiyo kutoka kwenye skrubu ya kutolea hewa ya gurudumu la mbele hadi kwenye ile ya pompi ya chini ya ambreyaji, kisha wanakanyaga breki polepole. Mafuta yanapanda kutoka chini na kusukuma hewa juu.

Mtego wa tatu ni waya za umeme. Bwate otomatiki ina kifaa kinachozuia demareri isifanye kazi mpaka mukono uwe kwenye P ao N. Bwate ikitoka, waya hizo zinaachwa wazi na gari haiwaki. Zikiunganishwa moja kwa moja, gari inawaka hata ikiwa kwenye vitesi, na inaweza kumrukia mtu aliyesimama mbele. Dereva na kila atakayeazima gari lazima ajue: kanyaga ambreyaji kwanza. Taa nyeupe za kurudi nyuma nazo zinahitaji waya mpya hadi kwenye bwate manueli. Na gari ikiwa na kifaa cha kushika mwendo bila kukanyaga mafuta, lazima kizimike pale ambreyaji inapokanyagwa. La sivyo moteri itapaa.

Mtego wa nne unasahaulika zaidi: tiyo mbili zilizokuwa zikipeleka mafuta ya otomatiki kupoa kwenye radiateri. Zinatolewa, na matundu yake yanazibwa vizuri. Mwishowe, bwate manueli ya Mercedes ya miaka hiyo haitiwi mafuta mazito ya ponti. Inatiwa mafuta mepesi, kama kitabu chake kinavyosema. Mafuta mazito yanafanya vitesi zikatae kuingia asubuhi.

Mteremko wa Ngomo ndio mwalimu

Kwa nini mtu apitie mateso haya yote? Huko Marekani wengi wanafanya kwa raha ya kuendesha. Kwa mkaaji wa Kivu sababu ziko barabarani.

Anayetoka Bukavu, mji ulio karibu na mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenda Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika lililo karibu na mita 770, anajua kinachomngoja baada ya Nyangezi: miteremko ya Ngomo, kabla ya kufika Kamanyola. Gari ya tani moja na nusu na zaidi, yenye watu watano na mizigo, ikishuka kwa breki peke yake, diski zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na pedali inazama hadi chini. Dereva mwenye manueli anaweka vitesi ya pili na kuiacha moteri imzuie. Moteri imefungwa moja kwa moja na magurudumu. Hakuna kinachoteleza kati yao.

Haki isemwe: otomatiki nzima nayo inaweza kusaidia. Alama 3 na 2 kwenye mukono zimewekwa kwa ajili hiyo, na madereva wengi hawazigusi kamwe. Lakini bwate iliyochoka inateleza hata pale, na kwenye mteremko hiyo si shida ya feza tena. Ni shida ya maisha.

Faida ya pili ni betri. Gari manueli yenye betri dhaifu inasukumwa na vijana wawili watatu, inawaka. Otomatiki hizi haziwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pompi ya mafuta yao inazunguka pale tu moteri inapozunguka. Faida ya tatu ni kwenye barabara ndefu. Vitesi ya 4 ya otomatiki inazungusha kardani sawa na moteri, moja kwa moja. Vitesi ya 5 ya manueli inapunguza mzunguko wa moteri hadi karibu na 0.8. Kwa mwendo uleule, moteri inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya tano. Tena otomatiki hizo hazina kifaa cha kufunga ile turbini ya mafuta iliyo mbele yake, kwa hiyo sehemu ya nguvu hugeuka kuwa joto safari nzima.

Kinachopotea

Hakuna kinachopatikana bure. S-Class iliundwa ili abiria wa nyuma asisikie kitu. Kwenye msongamano wa magari, mguu wa kushoto utachoka, na dereva asiye na mkono mzuri atawatikisa wakubwa wake. Turbini ile ya mafuta inaongeza nguvu ya moteri pale gari inapoanza kuondoka. Manueli haina zawadi hiyo, na kwenye kilima dereva mbaya atachoma ambreyaji mapema.

Kuna pia suala la kuegesha. P inafunga bwate kwa chuma. Manueli haina P. Breki ya kuegesha, ambayo kwa miaka mingi haikukumbukwa, sasa lazima ifanye kazi. Katika Mercedes hizi za usukani wa kushoto, breki hiyo inakanyagwa kwa mguu na kuachiliwa kwa mukono ulio chini ya dashibodi. Baada ya kazi, dereva atakuwa na pedali nne mbele yake. Kuondoka kwenye kilima kunataka mazoezi: mguu kwenye ambreyaji, mwingine kwenye mafuta, na mkono wa kushoto kwenye kile kishikio.

Tena kwa mnunuzi anayetafuta gari ya kihistoria, ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani ina heshima zaidi. Ndiyo maana wenye busara hawakati bodi, hawatobói mahali pasipohitajika, na hawauzi otomatiki yao kwa vyuma chakavu. Wanaifunga vizuri na kuiweka pakavu pamoja na sahani, kardani na waya zake. Atakayekuja kesho anaweza kuirudisha.

Hesabu ya mwisho

Kabla ya kutoa feza, karatasi moja inatosha. Upande wa kwanza: bei ya kutengeneza otomatiki na umbali wa fundi anayeijua kweli. Upande wa pili: bei ya gari nzima ya kukatwa, ambreyaji mpya, buloni mpya, mipira ya kardani, kusawazisha volani, na siku za fundi. Bei ya bwate peke yake haipaswi kuonekana kwenye karatasi hiyo, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu. Ikiwa piesi moja tu haipatikani, kazi haijaanza. Gari nyingi za namna hii zinaota nyasi nyuma ya garaji, otomatiki ikiwa imetolewa na manueli ikisubiri kardani ambayo haikufika.

Na kazi ikiisha, jaribio lake si mbio. Ni kuipeleka gari kwenye kilima, kuisimamisha katikati, kukanyaga breki ya kuegesha, na kuachilia pedali nyingine zote. Ikikaa, na kisha ikaondoka bila kurudi nyuma na bila harufu ya kuungua, mwenyewe anaweza kuwaita watoto wapande.